Mbegu Moja Kila Jioni: Namna ya Kulea Shukrani Katika Nyumba Yenye Mzee

Mwamkie bibi yeyote wa Dodoma, awe wa Chamwino, Bahi au Kongwa, umuulize na habari za asubuhi. Atakujibu, "Tunamshukuru Mungu." Jibu ni zuri. Ila limezoeleka mdomoni kiasi kwamba aliyekesha kwa maumivu ya nyonga hulitoa, na aliyekata tamaa naye hulitoa vilevile, na wa nyumbani hawatambui tofauti. Mwongozo huu unahusu kulitia nyama jibu hilo, ili shukrani ya mzee iwe na saa yake, mahali pake na jina la kitu kinachoshukuriwa.

Mzee anaweza kuusoma mwenyewe au kusomewa. Zaidi umeandikwa kwa mtoto, mkwe au mjukuu anayeishi naye. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, lakini hapa tunawafikiria hasa waliovuka sabini, ambao njia ya kanisani imeanza kuwa ndefu na herufi za Biblia zimeanza kuchezacheza machoni.

Anza na panapouma

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa na watu wenye nia njema: kumwingiza mzee kwenye sala ya shukrani kabla hajaulizwa hali yake. Wazee wetu wamelelewa kwenye uvumilivu. Sala ikishaanza, hatataja mguu unaovimba wala mkojo unaouma, maana ataona anamnung'unikia Mungu mbele ya wajukuu. Matokeo yake kidonda kinafichwa wiki tatu chini ya kitenge huku nyumba nzima ikisema "amina".

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili, na uyapange hivi. Kwanza shikamoo, kisha maswali ya mwili yanayojibika: Umeamka mara ngapi usiku? Choo umepata lini? Mguu wa kushoto umekaaje leo? Maji umekunywa vikombe vingapi? Penye tatizo, panga safari ya zahanati siku hiyohiyo, na kitambulisho chake cha matibabu kiwe mahali panapojulikana na watu wawili, si mmoja. Baada ya hapo ndipo sala.

Malalamiko nayo yana nafasi yake katika imani, na mzee anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi. Msomee Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Bwana "hata lini". Msomee ya 71, ambamo mtu mwenye mvi anaomba, "Usinitupe wakati wa uzee." Siku nzito sana soma ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja, na bado ni sala iliyomo ndani ya Biblia. Baada ya kusoma usiharakishe kuweka neno la kutia moyo. Nyamaza kidogo, mshike mkono.

Mstari unaotumika vibaya kuliko mingine ni 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo." Mjane aliyezika mtoto mwezi uliopita akisomewa hivyo anaelewa kwamba anatakiwa kushukuru kwa sababu mtoto amekufa. Kigiriki cha Paulo kinasema *en panti*, yaani katika kila jambo, katika kila hali. Na waliokuwa wakiandikiwa walikuwa na msiba: sura ya nne ya barua hiyohiyo inawafariji kwa ajili ya wapendwa wao waliolala. Mfiwa anaweza kushukuru akiwa ndani ya msiba, kwa jirani aliyemletea ndoo ya maji, bila kuushukuru msiba wenyewe. Waeleze hivyo na wageni wanaokuja kumtembelea, hasa wale wenye mazoea ya kusema "mshukuru Mungu tu" kabla hawajakaa.

Asubuhi: dakika mbili ukingoni mwa kitanda

Mzee akiinuka ghafla kutoka usingizini, damu huchelewa kupanda kichwani, kizunguzungu kikamshika na akaanguka. Anayetumia dawa za presha yuko hatarini zaidi. Ndiyo maana huambiwa akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, miguu ikiwa sakafuni, kabla ya kusimama. Wengi hulisahau agizo hilo kwa sababu dakika mbili za kukaa bure ni ndefu. Zifanye kuwa za sala, naye hatazisahau.

Atikise vidole vya miguu. Aseme, "Bwana, umeniamsha." Ataje kitu kimoja anachokisikia wakati huo: jogoo, mtu anayefagia uwanja, adhana ya mbali, mvua kwenye bati. Kisha aseme Maombolezo 3:22-23, kwamba huruma za Bwana ni mpya kila siku asubuhi, au Sala ya Bwana kwa mwendo wa taratibu. Ikimalizika, mwili umeshakuwa tayari. Fimbo iwe upande wa mkono wenye nguvu, iegemezwe ukutani, isilazwe chini.

Kama Cigogo ndiyo lugha aliyonyonya, asali kwa Cigogo. Wajukuu waliokulia mjini hawataelewa kila neno. Wataelewa majina yao yakitajwa, na hapo watajibu amina.

Jioni: kopo na mbegu za ubuyu

Hiki ndicho kiini cha mwongozo, kwa hiyo tutakaa hapa.

Mbegu za ubuyu zinafaa kuliko kitu kingine. Ni kubwa kama harage dogo, zimepinda kama figo, ni ngumu, wadudu hawazitoboi, na mkono uliopoteza wepesi unaweza kuzishika. Mahindi na kunde hubunguliwa. Karanga zitaliwa na watoto kabla ya Jumatano. Chukua ubuyu mkavu, loweka kwenye maji safi ya kunywa usiku kucha, asubuhi pekecha hadi unga wote utoke. Maji hayo usiyamwage, yatie kwenye uji. Zisuuze mbegu, zianike juani siku mbili, kisha hesabu 31.

Tafuta makopo mawili ya bati. La maziwa ya unga au la kahawa linatosha. Plastiki haifai, kwa sababu mlio wa mbegu ikiangukia bati ni sehemu ya kazi yenyewe: asiyeona vizuri husikia kwamba shukrani yake imeingia. Kopo la kwanza lina mbegu zote, la pili ni tupu. Yote mawili yawe na vifuniko na yakae juu, mtoto mdogo asije akazifikia na kupaliwa.

Utaratibu ni huu. Jioni baada ya chakula, kabla simu na redio hazijawashwa, mzee anachukua mbegu moja. Anaishika kiganjani huku akitafuta kitu cha siku hiyo. Anasema, "Asante Bwana kwa…" na kutaja kitu hicho. Anaiachia mbegu ndani ya kopo la pili. Wote wanasema amina. Ukiwa na watoto nyumbani, kila mmoja ataje cha kwake baada ya mzee, kwa sentensi moja tu. Shughuli yote haizidi dakika tano, na isipozidi ndipo itakapodumu.

Masharti ni matatu, yashikwe bila huruma nyingi. Kitu kiwe cha leo. Kiwe kinachoonekana, kusikika, kunuswa, kuonjwa au kushikika. Kisirudiwe ndani ya mwezi mmoja. Jibu la "uzima" linakubalika jioni ya kwanza, jioni ya pili uliza kwa upole, "Uzima wa nini leo, bibi?" Hapo ndipo zinapoanza kutoka shukrani zenye uzito: nimefika chooni peke yangu, mjukuu amenikata kucha za miguu, mlenda wa leo ulitiwa karanga, upepo umetulia tangu saa tisa, yule mama wa jirani amekumbuka jina langu la ubatizo. Mwezi wa Desemba mvua ya kwanza ikishuka, atataja harufu ya udongo, na nyumba nzima itakuwa imeisikia pia.

Sharti la kutorudia ndilo linalofanya kazi kubwa. Kuanzia kama siku ya kumi vitu vya karibu huisha. Mzee huanza kutafuta tangu mchana, akiwa amekaa kivulini: leo nitataja nini? Kumbukumbu na macho yake vinazoea kuchungulia wema. Zaburi 103:2 inaiambia nafsi isizisahau fadhili zake zote, na anayetaka kutozisahau hana budi kuzihesabu moja moja.

Sasa yanayoharibika. Kwanza, watu wa nyumbani kusahihisha. Babu akitaja kitu kidogo, mtu anadakia, "Si ungemshukuru Mungu kwa ile pesa aliyotuma mwanao?" Usifanye hivyo kamwe. Shukrani kwa Mungu ikigeuzwa risiti ya mtoto aliye Dar es Salaam, mzee ataacha kusema ukweli. Pili, mchungaji au jirani akiwepo, sala hurefuka ikawa mahubiri, na kesho yake mzee anaona uvivu. Mgeni naye ataje kitu kimoja kama wengine. Tatu, siku ambayo hakuna kitu. Siku hizo zipo. Mbegu iwekwe pembeni, kwenye mkeka au kwenye kifuniko, mzee aseme, "Leo sijaona," msome Zaburi ya 13, mlale. Usimtafutie jibu.

Mwisho wa mwezi mwaga mbegu za kopo la pili kwenye ungo, mzihesabu pamoja, kila mtu akijaribu kukumbuka zilikuwa za nini. Zilizobaki pembeni zihesabiwe nazo, bila lawama. Ila zikiwa zinawekwa pembeni wiki mbili mfululizo, na mzee hali vizuri, halali, hataki watu, usidhani imani imepoa. Huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Mpeleke hospitali.

Kisha, kwa kila mbegu iliyoingia kopo la pili, mzee achote kwa mkono wake kiganja kimoja cha mtama au uwele na kukitia kwenye chombo. Viganja thelathini vya mzee hukaribia nusu kisado. Hiyo ndiyo sadaka yake ya mwezi.

Sadaka ya asiye na fedha

Wazee wengi huacha kwenda kanisani kwa aibu ya kapu la sadaka kuliko kwa ubovu wa miguu, na hawatakuambia. Mtama ule, au mayai mawili, au fungu la mlenda mkavu uliotwangwa, unaondoa aibu hiyo. Katika makanisa yetu mengi vitu vilivyotolewa hunadiwa uwanjani baada ya ibada, na fedha huingia kwenye sadaka. Kama mzee hakuweza kwenda, aliyepeleka anatakiwa kurudi na habari kamili: kilinadiwa kwa shilingi ngapi, nani alinunua, watu walicheka wapi. Ukirudi ukasema tu "nimefikisha", umemnyima nusu ya furaha yake.

Ibada moja ya mwaka asiikose kama mwili unaruhusu, nayo ni sikukuu ya mavuno, ambayo kwetu huangukia baada ya mtama na uwele kuvunwa, mara nyingi Juni au Julai. Anza kujipanga wiki mbili kabla. Kodi bajaji, maana bodaboda inaumiza nyonga na haina pa kuegemea. Asubuhi za miezi hiyo zina baridi na upepo wa vumbi, kwa hiyo sweta, soksi na kitambaa cha kufunika pua vinahitajika. Aketi mbele anakoona mdomo wa mhubiri, mbali na spika. Sikio la uzee likipigiwa kelele husikia mvumo tu. Ujue choo kiko wapi kabla ibada haijaanza, na apelekwe kabla hajaomba.

Kanisa likija nyumbani

Asiyeweza kwenda ana haki ya kufuatwa. Mwarifu mwinjilisti, katekista au mzee wa kanisa kwa jina, ukitaja siku mzee anapokuwa na nguvu zaidi. Kwa wengi ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Waanglikana, Walutheri na Wakatoliki wote wana utaratibu wa kumpelekea mgonjwa Ushirika Mtakatifu au Komunyo nyumbani, na Wakatoliki wana pia Mpako wa Wagonjwa, ambao hausubiri mtu awe anakata roho.

Maandalizi ni machache: meza ndogo imara, kitambaa cheupe kilichofuliwa, glasi ya maji na kijiko. Mzee awe ameketi wima au ameegemezwa mito, kinywa kimelainishwa kwa maji kidogo, kwa sababu mkate mkavu kwenye kinywa kikavu humpalia. Kama anameza kwa shida, mwambie mhudumu mapema, ampe kipande kidogo sana. Majirani wawili watatu waalikwe waimbe. Jumuiya nayo iombwe kufanyia ibada kwake mara moja kwa mwezi, na siku hiyo mzee apewe kazi: achague wimbo, au ataje shukrani tatu kati ya zile za mwezi. Ana, yule mjane wa miaka themanini na minne katika Luka 2, alimshukuru Mungu kisha akawasimulia watu habari za mtoto Yesu. Mzee anayeombewa tu, asiyeombwa kuwaombea wengine, huanza kujiona mzigo.

Kuhusu kufunga wakati wa Kwaresima: mwenye kisukari, au anayemeza dawa zinazotaka chakula tumboni, asifunge kula bila kuuliza kliniki. Afunge kitu kingine, kama sukari ya anasa au redio ya jioni, na muda huo aombee watu kwa majina.

Macho na masikio ya kusomea Neno

Usikubali haraka kwamba "macho ya uzee ndivyo yalivyo." Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na trakoma, ambayo imetesa sana Kongwa na maeneo ya kwetu yenye vumbi na uhaba wa maji, hutakiwa kuwahiwa. Hospitali ya Mvumi inajulikana siku nyingi kwa huduma ya macho. Kwa wengi miwani ya kusomea inatosha. Akisoma, aketi karibu na mlango mgongo ukielekea nje, ili mwanga upite begani uangukie ukurasa. Ndani ya tembe, ile nyumba ya paa la udongo, au chumba chenye dirisha dogo hata miwani nzuri haisaidii. Biblia za maandishi makubwa zipo, na Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao makuu yake hapahapa Dodoma. Asiyeweza kusoma kabisa awekewe Neno la kusikiliza kwenye kadi ya redio ndogo, sura moja kwa siku, kisha izimwe. Redio ikiachwa inasoma kutwa, hugeuka kelele kama kelele nyingine.

Daftari la miaka

Mara moja kwa wiki, asubuhi, dakika ishirini zisizozidi, kaa na mzee na daftari la kawaida. Usiulize, "Mungu amekutendea nini maishani?" Swali hilo ni pana mno, atajibu "mengi" mkaishia hapo. Wazee wetu huhesabu maisha kwa matukio, basi uliza kwa matukio. Wakati wa Operesheni Dodoma, mlipohamishiwa kijijini mwaka 1970 au 1971, mlilala wapi usiku wa kwanza? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliangusha nini, na nani aliwasitiri? Wazazi wako walisimulia nini juu ya Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920, na walikula nini wakapona? Andika mwaka, tukio, na jina la mtu aliyesaidia. Majina ndiyo ya kuombea: wengine bado wako hai, na wengine wana wajukuu mnaosali nao benchi moja.

Kumbukumbu nyingine zitafungua donda. Akianza kulia, funga daftari, kaa naye. Usirudi kwenye swali hilo mpaka alirudie mwenyewe.

Akili ikianza kusahau

Kusahau kunakozidi, kuuliza jambo lilelile mara kumi, kupotea njia ya kisimani: hizi ni dalili za ugonjwa wa ubongo. Si laana, na si uchawi. Hata bibi mwenye macho mekundu si mchawi, amekaa miaka hamsini kwenye moshi wa kuni. Familia ya Kikristo inatakiwa kulisema hili kwa sauti, hata mbele ya majirani.

Kwa mzee wa namna hii ondoa sharti la kutorudia. Akimshukuru Mungu kwa chai kila jioni, ni sawa. Mbegu zishikwe na mwingine, maana anaweza kuzitia mdomoni. Yeye mpe kipande cha gunzi akishike. Tenzi alizoimba utotoni na Sala ya Bwana hubaki muda mrefu baada ya majina ya watoto kupotea. Anzisha mstari wa kwanza, polepole, kwenye sikio linalosikia vizuri, kisha nyamaza umpe nafasi. Mara nyingi ataumalizia. Zaburi ya 23 isomwe kwa Cigogo kama kuna anayeweza.

Na akifika mahali pa kutosema tena, kopo lisifungiwe kabatini. Mtu mmoja wa nyumbani ataje kitu cha siku hiyo kwa niaba yake, kitu alichofanyiwa au alichopitia yeye: leo umenywa uji vijiko sita, leo umefumbua macho mama mchungaji alipoimba. Aiweke mbegu kwenye kiganja cha mzee, akikunje na kukishika kwa muda wa sala fupi, kisha aitie kwenye bati palepale karibu na mto, asikie mlio.